Mume Wangu Anapanga Likizo, Mimi Natafuta Makao ya Uzeeni

Mpendwa Mshauri,

Salaam. Mimi ni mwanamke wa miaka 71, na mume wangu ana miaka 76. Sehemu kubwa ya maisha yetu ya ndoa tumeiishi Marekani. Hapa ndipo tulipofanya kazi, tukawalea watoto wetu wawili, na hapa ndipo tulipostaafia. Nakuandikia kwa sababu mimi na mwenzangu tumefika mahali ambapo kila mazungumzo juu ya mwaka ujao huishia kwa mmoja wetu kuinuka na kuondoka mezani, na sipendi kuwaita watoto waje kuamua kati ya baba yao na mama yao.

Tunayo hisa ya likizo, ile inayoitwa taimushea. Tuliinunua tungali kazini, na mwanzoni ilikuwa wiki moja maalumu ya mwaka katika hoteli ya mapumziko huko Florida. Baadaye kampuni ilitushawishi tuibadilishe iwe pointi, ambazo kila mwaka tunaweza kuzitumia katika hoteli zake mbalimbali au kuzibadilisha kwa nafasi za kampuni nyingine. Sitasema kwamba hatukuifaidi. Wajukuu wetu walijifunza kuogelea katika mabwawa ya hoteli hizo, na picha nyingi zilizo ukutani kwetu zilipigwa huko.

Msimamizi wa jambo hili ni mume wangu. Ana daftari la jalada gumu alilolipiga mistari kwa rula, na ndani yake ameandika siku ambayo dirisha la kuweka nafasi hufunguliwa kwa kila hoteli, pointi zinazotakiwa wakati wa msimu wa watu wengi na wakati wa msimu mtulivu, na pointi zipi zitapotea zisipohamishwa kabla ya mwaka kwisha. Siku ya dirisha kufunguliwa huamka kabla ya mapambazuko, akavaa miwani yake ya kusomea, akakaa mbele ya kompyuta huku kidole kikiwa juu ya kitufe, akingoja saa itimie. Akifanikiwa kupata chumba kinachotazama bahari, hunitangazia kwa sauti inayonitoa kitandani.

Hata hivyo, ada ya mwaka ya hisa hiyo hupanda karibu kila mwaka, na wakati mmoja tulitozwa mchango wa ziada wa kukarabati majengo baada ya kimbunga. Deni la ununuzi tulikwisha kulimaliza. Ada ndiyo isiyokwisha. Kwa upande wangu, goti la kulia limeanza kuzikataa ngazi, na chumba chetu cha kulala kiko juu. Rafiki yangu wa karibu alihamia kwenye jumuiya ya wastaafu, mahali ambapo mtu huanza kwa kuishi katika nyumba yake ndogo akijitegemea, na siku nguvu zikipungua huhamishiwa kwenye usaidizi au uuguzi bila kutoka katika eneo lile lile. Nilikwenda kumtembelea, nikapapenda. Ofisini waliniambia kwamba kuna ada kubwa ya kuingia, ambayo kwetu ingetokana na kuuza nyumba, kisha ada ya kila mwezi, na kwamba kabla ya kupokelewa ni lazima sote wawili tupimwe afya na kuonekana tunaweza kujitegemea. Sharti hilo la mwisho ndilo lililoniondolea usingizi.

Mume wangu hataki kusikia. Anasema tukishaingia huko tumekwisha, hatutasafiri tena, na kwamba miaka hii ambayo miguu bado inakubali ndiyo ya kutumia pointi tulizozilipia. Anataka tulizungumze jambo hili baada ya miaka mitano. Tena anataka jina la binti yetu liongezwe kwenye hatimiliki ya taimushea ili ibaki katika ukoo. Binti yetu naye anatuambia tuuze kila kitu tukaishi kwake, ingawa yeye na mumewe hutoka asubuhi na kurudi jioni. Kijana wetu anasema tuachane na taimushea mara moja, na ipo kampuni iliyotupigia simu ikiahidi kututoa kwenye mkataba iwapo tutailipa kwanza maelfu ya dola.

Mwaka huu mume wangu aliweka nafasi katika hoteli mbili tofauti kwa wiki ile ile, kisha akagombana na karani wa simu akidai kosa ni lao. Nadhani ni uchovu, kwa sababu mfumo wao wa intaneti umebadilishwa na unamchanganya yeyote.

Je, nina haki ya kumsukuma aache kitu anachokipenda namna hii? Na nikimwacha aendelee, si tutakuta mlango umefungwa siku tutakapokuwa tayari?

Mama wa Wawili

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mama. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ninashukuru kwamba umeeleza upande wa mzee kwa haki hata pale unapotofautiana naye, maana wengi wanaoniandikia juu ya wenzi wao hawafiki hapo.

Umeleta mambo mawili, likizo na makao, na nyumbani kwenu yamekuwa kama kambi mbili. Mimi naona kinachogombaniwa ni kimoja, yaani ile miaka ya afya njema ambayo bado mnayo. Mume wako angependa itumike kusafiri kabla miguu haijakataa. Wewe ungependa itumike kuingia mahali ambapo mtu hapokelewi akishaipoteza. Nyote wawili mnaogopa kuchelewa, ila kila mmoja ana saa yake anayoitazama, na pengine mazungumzo yangekuwa mepesi kidogo kama mngeanza kwa kukiri kwamba hofu yenu ni moja.

Naomba tuanze na kauli yake kwamba mkishaingia huko mmekwisha, kwa sababu inawezekana kwamba mnapotamka makao ya wazee kila mmoja wenu anaona picha tofauti. Huko Marekani kuna mitaa ya watu wa miaka 55 na kuendelea, ambayo ni nyumba za kawaida zenye masharti ya umri tu na haina muuguzi wala msaidizi. Kuna makazi ya usaidizi, ambako mtu ana chumba chake lakini husaidiwa kuoga, kuvaa na kukumbuka dawa. Kuna vitengo vya wenye matatizo ya kumbukumbu, ambavyo milango yake hulindwa. Kuna nyumba za uuguzi, ambako wauguzi wapo usiku na mchana. Jumuiya uliyoitembelea wewe huyaunganisha mengi ya haya katika eneo moja, na mtu huanza katika hatua ya kujitegemea kabisa, akiwa na ufunguo wake, gari lake na ratiba yake. Sishangai ikiwa mzee, unapomtajia jumuiya ya rafiki yako, anaona korido ya nyumba ya uuguzi. Je, amewahi kufika hapo mahali, au amepasikia kutoka kwako tu?

Hata hivyo, wasiwasi wake haukosi msingi wowote. Ada ya kila mwezi hulipwa mkiwepo na msipokuwepo, na mtu anayelipia mahali pazuri huanza kuona hasara kukaa mbali napo. Kwa upande mwingine, wapo wastaafu wanaosafiri zaidi baada ya kuhamia, kwa kuwa hawana tena paa la kukaguliwa, bustani ya kumwagiliwa wala nyumba tupu ya kuhofia. Hufunga mlango na kuondoka. Ni upi kati ya mwelekeo huu ungekuwa wenu, hilo linategemea hesabu zenu na tabia zenu, na mimi siwezi kulijua kutoka hapa.

Kuhusu hesabu, kuna dhana moja ambayo umeigusa bila kuisema, na familia nyingi za wastaafu wa Marekani huigundua wakati mbaya. Watu hudhani Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani ambayo hasa ni ya wazee, italipia makao. Medicare ya kawaida hulipia matibabu. Haigharimii malazi ya makazi ya usaidizi, wala uangalizi wa muda mrefu wa kumwogesha na kumvisha mtu asiyeweza. Hulipia nyumba ya uuguzi wa kitaalamu kwa muda usiozidi siku 100 katika kipindi kimoja cha mafao, kwa kawaida baada ya mgonjwa kulazwa hospitalini angalau siku 3 mfululizo, na baada ya siku 20 za kwanza mgonjwa huanza kuchangia kila siku. Medicaid, bima nyingine ya serikali, ndiyo inayoweza kulipia uangalizi wa muda mrefu, lakini ni kwa mwenye kipato na mali kidogo, na mtu anapoomba huduma hiyo serikali huangalia miaka 5 iliyopita ili kuona kama aligawa mali yake kwa watoto au kwa mtu mwingine. Kwa hiyo mzee anaposema mtazungumza baada ya miaka mitano, ni vyema mkajiuliza pia ni nani atakayelipa iwapo jambo litatokea katika mwaka wa pili.

Hapo ndipo mkataba wa jumuiya unapohitaji kusomwa kwa makini kuliko brosha yake. Kwa jumla ipo mikataba ya aina tatu. Katika ile inayoitwa aina A, ada ya kuingia huwa kubwa, lakini ada ya mwezi haibadiliki sana mmoja wenu akihamia kwenye usaidizi au uuguzi, mbali na nyongeza za kawaida za kila mwaka. Katika aina B, mnapewa kiasi fulani cha uangalizi au punguzo, kisha mnalipa zaidi. Katika aina C, mnaingia kwa ada ndogo, na siku ya kuhitaji uangalizi mnalipa bei kamili ya soko. Muulize wakili, na ofisi ile ile, ni sehemu gani ya ada ya kuingia hurudishwa mkiondoka au mkifariki, na inapungua kwa kasi gani. Omba taarifa za fedha zilizokaguliwa, na uulize ni nyumba ngapi ziko wazi kwa sasa. Nasema hivi kwa sababu zimewahi kutokea jumuiya za aina hii zikafilisika, na wazee waliokuwa wametoa thamani ya nyumba zao wakajikuta kwenye foleni ya wadai. Rafiki yako anaweza kukuambia mengi juu ya majirani na bustani. Haya hawezi kuyajua kwa kuishi hapo tu.

Kuhusu mlango kufungwa, hofu yako ina ukweli, ila mlango huo haufungwi ghafla kama unavyouogopa. Jumuiya nyingi huwa na orodha ya kusubiri, ambayo mtu hujiandikisha kwa amana, mara nyingi yenye kurudishwa yote au sehemu kubwa, na zamu yake ikifika anaweza kukubali au kuomba iruke. Njia hii ingekupa wewe nafasi bila kumnyang'anya mzee miaka yake ya kusafiri. Hatari yake ni kwamba orodha hailindi afya, kwa sababu kipimo hufanywa wakati wa kuingia. Swali ambalo ningelitanguliza mbele ya mengine yote pale ofisini ni hili: ikiwa mmoja wetu atafaulu kipimo na mwenzake asifaulu, mtatupokeaje? Zipo jumuiya zinazompokea mmoja katika hatua ya kujitegemea na mwenzake moja kwa moja kwenye usaidizi, kwa masharti na bei tofauti, na zipo zinazokataa.

Sasa naomba uniwie radhi, mama, nirudi kwenye jambo uliloliandika karibu na mwisho na kulipita haraka, la nafasi mbili kwa wiki moja. Huenda ni kama ulivyosema, mfumo umebadilishwa na mtu yeyote angechanganyikiwa. Lakini huyu ni mtu uliyenieleza kwamba hupiga mistari ya daftari kwa rula, na nimejiuliza kama sehemu ya kukosa kwako usingizi haitoki hapo pia. Sisemi kwamba ana ugonjwa. Kusahau na kukanganyikiwa kwa mtu wa umri wake kunaweza kutokana na mambo yanayotibika, kama upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, dawa zinazogongana, huzuni ya muda mrefu, usingizi mbovu, hata masikio yasiyosikia vizuri kwenye simu. Medicare hulipia ziara ya mwaka ya kuangalia hali ya afya, na uchunguzi wa kumbukumbu ni sehemu ya ziara hiyo, kwa hiyo halihitaji kuwa tukio. Nendeni wote wawili, goti lako na kumbukumbu zenu nyote zikaguliwe siku moja. Hapo hatajiona mshitakiwa.

Ningependa jambo hilo lisingoje, kwa sababu ya hati. Hati ya uwakilishi, inayompa mtu mamlaka ya kushughulikia fedha zako ukishindwa, na ile ya kumteua atakayekuamulia mambo ya matibabu, husainiwa na mtu ambaye bado anaelewa anachosaini. Akishapoteza uwezo huo, familia hulazimika kwenda mahakamani kuomba usimamizi, na safari hiyo ni ndefu na ya gharama. Hati hizo zinawafaa hata kama mtaamua kukaa mlipo na kutumia pointi hadi mwisho.

Tuje kwenye taimushea yenyewe. Kijana wenu anasema muachane nayo mara moja, na naelewa kwa nini, lakini kutoka si rahisi kama kuingia. Zile siku chache ambazo sheria humruhusu mnunuzi kubadili mawazo, ambazo Florida ni 10, huhesabiwa tangu kusaini au kupokea nyaraka, na kwenu zilikwisha zamani. Sokoni hisa nyingi za namna hii zinauzwa kwa bei ya kusikitisha. Nyingine hutangazwa kwa dola 1 zikakosa mnunuzi, kwa sababu anayeichukua anachukua na ada. Naungama kwamba sijawahi kuzipenda kumbi zile za wauzaji, ambako mtu hukaa asubuhi nzima akisikia habari za pwani na kutajiwa ada ya milele mwishoni kabisa, huku kalamu iko mkononi. Lakini hilo limekwisha pita, na nyinyi mliifaidi.

Kampuni iliyowapigia simu ikitaka ilipwe kwanza, tafadhali msiilipe kitu. Tume ya Biashara ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi FTC, imekuwa ikionya kwa miaka mingi juu ya watu wanaochukua malipo ya awali kwa ahadi ya kuuza au kufuta taimushea, kisha hawapatikani tena. Simu ya kwanza iwe kwa kampuni yenu wenyewe. Kwa kuwa deni la ununuzi mmelimaliza, mna nafasi nzuri, maana baadhi ya kampuni zina mpango wa kuipokea hisa irudi kwao kwa mwenye hatimiliki isiyo na deni na ada zilizolipwa. Kama hazina, kuna kupunguza pointi, kukodisha wiki kwa mtu mwingine pale mkataba unaporuhusu, au kuhifadhi mwaka mmoja wa pointi katika kampuni za kubadilishana, ambazo mbili kubwa ni RCI, iliyoanzishwa mwaka 1974, na Interval International, iliyoanzishwa mwaka 1976. Kila moja ya njia hizi ina ada zake. Kuacha tu kulipa kunaweza kupeleka deni kwa wakusanyaji na kuharibu rekodi yenu ya mikopo, tena wakati ambao jumuiya ya wastaafu itakuwa inakagua fedha zenu.

Kuhusu jina la binti, hapa ningeomba mngoje. Najua mzee anaona ni zawadi. Mtoto anayerithi taimushea baada ya wazazi kufariki kwa kawaida anaweza kuikataa kwa maandishi, na kwa sheria ya kodi ya serikali kuu muda wa kukataa ni miezi 9, mradi hajaanza kuitumia. Mtoto ambaye jina lake tayari liko kwenye hatimiliki hana mlango huo. Ada ni yake tangu siku aliposaini. Pengine mngemuuliza kwanza, akiwa peke yake, kama anaitaka. Watoto wetu wakati mwingine hukubali vitu mbele ya baba kwa heshima tu.

Na ikiwa mtaamua kuendelea kusafiri, kwa mwaka mmoja au kwa mingi, upangaji wenyewe unahitaji kubadilika, na hapa mzee ana kazi ambayo wewe huwezi kuifanya vizuri kama yeye. Vyumba vyenye bafu la kuingia bila kuvuka ukingo na vishikio ukutani ni vichache katika kila hoteli, na huchukuliwa mapema. Huombwa wakati ule ule wa kuweka nafasi. Chumba kinachotazama bahari mara nyingi kiko juu, na lifti huharibika. Daftari lake linahitaji safu mpya, ya tarehe ya mwisho ya kufuta safari bila kupoteza pointi, kwa sababu katika umri huu homa ya wiki moja inaweza kufuta likizo nzima. Tena Medicare, isipokuwa katika hali chache, hailipii matibabu nje ya Marekani, kwa hiyo kubadilisha pointi kwa hoteli ya ng'ambo kunadai bima ya safari. Mngeweza kukaa pamoja mbele ya ile kompyuta, wewe ukisoma tarehe na yeye akibonyeza. Nafasi mbili kwa wiki moja zingeonekana mapema, na hakuna ambaye angehitaji kumsahihisha mwenzake baadaye.

Mwaliko wa binti yenu ni wa upendo, na sitaki uudharau. Lakini umeandika mwenyewe kwamba nyumba yake huwa tupu kutwa. Msaidizi wa nyumbani wa kulipwa angeweza kuja huko, kama anavyoweza kuja kwenu, na gharama yake ya saa nyingi inaweza kufika ile ya makazi ya usaidizi. Kuhamishia chumba cha kulala chini na kuweka vishikio bafuni ni jambo ambalo mnaweza kulifanya mwezi huu huu, lolote mtakaloamua, na lingeipunguzia goti lako kazi wakati mnaendelea kufikiri.

Umeniuliza kama una haki ya kumsukuma. Nadhani una haki ya kuwa na hofu na ya kuisema kwa jina lake, na pengine hujaisema. Kutokana na barua yako, mzee amesikia kwamba unataka kuuza nyumba na kuacha likizo. Sina hakika kama amesikia kwamba unaogopa kutenganishwa naye siku mmoja wenu atakapohitaji uuguzi na mwingine bado anajiweza. Hayo ni maneno tofauti, na huenda yakapata jibu tofauti. Inawezekana pia kwamba kwake kupanga likizo ni kazi ya mwisho ambayo bado anaisimamia yeye tangu astaafu, na kwamba anachokitetea ni hicho kuliko bahari yenyewe. Muulize, bila kumpa jibu mdomoni.

Jumuiya nyingi za wastaafu zina chumba cha wageni, na huwaruhusu wanaofikiria kuhamia walale siku chache kwa ada ndogo, wengine bure. Ningependekeza umwachie yeye aipange ziara hiyo, kwa daftari lake na maswali yake, katika jumuiya zaidi ya moja, kama anavyopanga hoteli. Aulize kuhusu lifti, kelele za usiku, kama mtu anaweza kuondoka wiki tatu na ada ya chakula ikapunguzwa. Mtu huyo atagundua mambo ambayo mimi na wewe hatungeyaona. Anaweza kurudi akiwa na orodha ndefu ya sababu za kukataa, na baadhi zikawa za kweli, kwa hiyo usiende ukiwa umeshaahidi amana. Kwa vituo vyenye nyumba ya uuguzi, tovuti ya Medicare hutoa nyota 1 hadi 5 kwa kila kituo kinachoshirikiana nayo, ingawa haigusi makazi ya usaidizi. Na kila jimbo lina ofisi ya mtetezi wa wakazi wa makao ya uangalizi, ambayo itakuambia ni malalamiko gani yamepokelewa.

Kabla ya ziara, tafuteni mkataba wa taimushea na muusome ukurasa unaohusu kurithi na kurudisha. Ukinitumia maneno yake jinsi yalivyo, bila majina wala namba za mkataba, nitaongozana nawe katika hilo kwenye safu inayofuata. Msalimie mzee.